Feni ya Uvunguni

Kawangware 46
Jumapili, 2 Machi 2025

Mkwe wangu Khaemba,

Pokea salamu zangu na za plot nzima, isipokuwa mpangaji wa chumba cha mwisho ambaye hatusalimiani. Mimi sijambo. Goti la kushoto linaniuma mvua ikikaribia, kwa hiyo najua habari ya mvua kabla redio haijasema. Kibanda kinaenda vizuri. Chapati na madondo vinaisha kabla ya saa saba, na anayechelewa analaumu tumbo lake.

Sasa sikiliza. Siku ya mwaka mpya wewe ulinipigia simu. Nilipoona jina lako niliizika ile simu kwenye unga. Si chuki. Kwetu Kimilili mkwe na mama mkwe hawali meza moja, hawapeani mkono, na wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi. Sasa wewe unataka kuniongelea ndani ya sikio? Sikio liko karibu kuliko meza. SMS nazo nasomewa na watoto wa plot, maana herufi zake ni kama chawa, na maneno ya mkwe hayasomwi na watoto. Basi tuandikiane. Barua zako mpe Wamucii, yule anayeuza nguo za watoto pale sokoni Toi. Tunakaa naye plot moja. Mdomo wake unafungika, ingawa kichwa chake kinasahau.

Lililonifanya nishike kalamu ni hili: unafanya kazi gani? Jentrix anasema "ofisini". Jirani yangu Bridgit alikuona Industrial Area umevaa ovaroli nyeupe na glavu, kama mtu wa kupuliza kunguni. Ofisi gani hiyo? Binti yangu nilimwoza kwa mtu ninayemjua.

Mwambie Jentrix avumilie joto la mabati. Kuna kitu nimemwekea mtoto atakayezaliwa. Usiniulize ni nini.

Mama yake Jentrix


Lindi, Kibera
Jumamosi, 15 Machi 2025

Mama,

Barua yako ilifika, ikasomwa mara mbili, na Jentrix akacheka mpaka mtoto akapiga teke. Tuko salama, ila miguu yake imevimba na nesi amemkataza kutembea. Mchana chumba kinawaka. Anajipepea kwa kifuniko cha ndoo, mkono ukichoka ananipa zamu. Pole kwa goti. Na pole kwa simu, sitarudia.

Kuhusu kazi, usiwe na wasiwasi. Tunaondoa vitu vya zamani kwenye viwanda vilivyofungwa. Ovaroli ni ya kuzuia vumbi. Hivi sasa tuko kwenye kiwanda kimoja kilichokuwa kinatengeneza katoni. Kilikuwa na vipimo vitatu vya zamani, vyuma vya kuviringana, vizito. Tumepata viwili. Cha tatu mlinzi anadhani kilibebwa na watu wa skrepu. Mkubwa wetu hajala vizuri wiki nzima kwa ajili ya hicho kimoja, na sisi tunachelewa kurudi nyumbani. Ndiyo maana barua hii imekawia.

Hicho ulichomwekea mtoto sikuulizi, kwa kuwa umekataza.

Mkweo,
Khaemba


Kawangware 46
Jumamosi, 29 Machi 2025

Mkwe wangu,

Tunashukuru Mungu tumeamka. Mvua ilianza kama goti lilivyosema. Mtaro wa mbele ya kibanda umejaa, wateja wanaruka wakiwa na sahani mkononi, na mmoja amenipotezea kijiko. Bridgit anakusalimu na anasema ile ovaroli haikuwa na vumbi hata chembe. Wewe unanizungusha, lakini tuache hilo kwa leo.

Nilikuambia usiniulize juu ya kitu cha mtoto, na kweli hukuuliza. Nimengoja wiki mbili uulize, umekaa kimya tu kama umekatazwa. Basi nitakuambia mwenyewe.

Ni feni. Si ya dukani, zile za plastiki zinazokufa kabla ya Krismasi. Hii ni mota ya feni ya kiwandani, ya zamani, chuma kitupu. Niliitoa kwa Phanuel wa skrepu mwezi wa pili. Alitaka kuipeleka kuyeyushwa, nikamwambia hiyo picha ubavuni huioni? Imechorwa feni yenyewe, panga tatu nyeusi kwenye rangi ya manjano, na duara katikati. Mtu hawezi kuchora feni kwenye kitu ambacho si feni. Tulielewana bei, nayo si yako kuijua.

Ni nzito kuliko mtoto wa darasa la tatu. Mutuku, yule fundi wa kuchomelea hapa plot, aliibeba akiguna akaiweka uvunguni mwa kitanda changu, na hapo ndipo inapokaa, nimeifunika leso. Haina tundu la waya, lakini Mutuku anasema waya zimefungiwa ndani. Anatafuta kifaa cha kukata ule mfuniko. Akishaifungua ataipachika panga, nami nitaituma Lindi, mtoto alale kwenye upepo.

Usimwambie Jentrix. Nataka ashangae.

Mama yake Jentrix


Lindi, Kibera
Jumatano, 2 Aprili 2025

Mama,

Nisamehe kwa kuanza bila salamu. Mutuku asiifungue. Nakuomba kwa jina la mtoto huyu, mtu yeyote asiifungue.

Nilikuficha na nimekosa. Kazi yangu ni kukusanya taka za mionzi. Sikusema kwa sababu niliogopa utadhani ninamletea binti yako sumu kwenye nguo. Sileti kitu nyumbani, Mama. Tunaoga na kupimwa kabla ya kutoka. Lakini kile chuma kilicho uvunguni mwako ndicho kipimo cha tatu tunachokitafuta.

Zile si panga za feni. Ni alama ya dunia nzima ya kusema kaa mbali. Ndani ya kile chuma kuna kipande kidogo, punje ya mchele ni kubwa zaidi. Kikiwa kimefungwa mle ndani kimetulia, chuma kinakizuia. Mutuku akikitoa na kukiweka kwenye kiganja, mkono wake utaoza, na akikitia mfukoni atakufa. Nchi nyingine wameshakufa watu waliofungua vyuma vya namna hiyo wakitafuta cha kuuza. Kitu chenyewe hakina harufu, hakina joto, hakitoi sauti.

Mpaka tukichukue, kanuni ni tatu: usikae karibu nacho muda mrefu, simama mbali uwezavyo, na kati yako na chenyewe pawe na kitu kinene. Usilale chumba hicho.

Nimeshamwambia mkubwa wangu. Kesho mwenzangu Nzomo atakuja na mashine ya kupimia. Mfungulie, Mama.

Khaemba


Kawangware 46
Jumatatu, 7 Aprili 2025

Mkwe wangu,

Barua yako ya Jumatano nimeipata leo saa nne asubuhi. Wamucii aliitia kwenye mfuko wa koti la mtoto ili isilowe, koti likauzwa. Aliyelinunua amelirudisha leo kwa sababu lilimbana mwanawe. Angekuwa na mtoto mwembamba, leo ningekuwa bado nakanda unga bila kujua kitu. Wamucii amelia, nami sikuwa na nguvu za kumgombeza.

Sasa nikueleze yaliyopita, ujue jinsi mila na elimu vinavyoweza kupishana.

Jumatano ulinipigia simu mara kumi na moja. Nilizihesabu. Nikaona aibu kwa niaba yako, nikairudisha simu kwenye unga. Jentrix akapiga, akasema Mama, msikilize Khaemba. Nikamjibu mambo yangu na mkwe wangu yako kwenye karatasi, nikakata, nikidhani umemwambia siri yetu ya feni na anataka kunifanya niseme.

Alhamisi akaja kijana wa kitambulisho shingoni, akaanza kuuliza habari ya chuma. Mimi nikajua ni kanjo, askari wa jiji, au ni wale wanaowashika wanaonunua skrepu. Nikamwambia hapa kuna maharagwe tu. Akazunguka nyumba na kidude chake kinacholialia, akaandika kitu, akaondoka. Alikuwa na adabu. Nilimfungia chapati moja asirudi.

Ijumaa nikasikia sauti yako getini. Mkwe amekuja bila taarifa, na nyumba yangu ni chumba kimoja na pazia. Ningekimbilia wapi? Niliingia uvunguni. Nililala humo nusu saa, Khaemba, nimelikumbatia lile dude na kuliwekea shavu nisije nikakohoa, mpaka Bridgit alipokuambia sipo. Nilijisifu kwamba nimekuheshimu sana siku hiyo.

Jumamosi Mutuku akaja na msumeno wa chuma, nikamsukumia lile dude mpaka nje ya pazia. Alikata, akavunja wembe wa kwanza, akavunja wa pili. Alichora mkwaruzo tu, nami nikalirudisha uvunguni. Akaniambia, "Mathe, hii kitu ni ngori. Wacha nisake grinder, Thursday tunaimaliza." Na Alhamisi ni siku tatu tu kutoka leo.

Naogopa. Siwezi kukuficha hilo. Nimelala juu ya kitu hicho tangu Februari. Usiku nilikuwa nikishusha mkono kukigusa, kwa kumfikiria mtoto.

Nilipomaliza kusoma nilitoka na kiti changu nikafunga mlango. Nimehamia kwa Bridgit, vyumba vitatu mbele. Halafu nikaanza kufikiria jinsi ya kuwazuia wengine. Nikisema mionzi, nusu watakimbia na nusu watakuja kuchungulia. Nikazisoma tena zile kanuni zako tatu. Usikae muda mrefu, simama mbali, weka kitu kinene katikati. Nikajiuliza nimezisikia wapi hizi. Kumbe ndivyo umekuwa ukinifanyia mimi tangu siku ya harusi. Basi nikasimama uani nikatangaza: ndani ya chumba changu kuna mama mkwe, na kila mwanamume wa plot hii amchukulie kuwa ni mama mkwe wake. Watu wa kwetu Bungoma wote wakarudi nyuma. Hata Mutuku, ambaye kwao Ukambani wana heshima hiyohiyo, alipita leo ameangalia ukuta wa pili. Lakini hajui sababu, na grinder ameshaahidiwa.

Njooni mlichukue. Ila nakuomba jambo moja. Msije na lori la king'ora na ovaroli nyeupe. Mimi nauza chakula. Kawangware ikiona watu wale mlangoni pangu, hakuna atakayekula chapati yangu mpaka nizikwe.

Mama yake Jentrix


Lindi, Kibera
Jumanne, 8 Aprili 2025

Mama,

Barua hii Wamucii ameishika mkononi. Nimemwambia asiitie mfuko wowote.

Jentrix hajambo. Nimemweleza yote jana na amelia, halafu amecheka kwa ile habari ya uvunguni, halafu amelia tena. Anataka kuja kwako. Nimemkatalia. Mtu mjamzito ndiye wa kukaa mbali kuliko wote.

Tulia kwanza. Nzomo alipima ukutani siku ile, na mashine ilionyesha kitu kipo na bado kimefungwa. Ndiyo maana mkubwa alikubali kungoja karatasi ya chifu ya kuingia nyumbani mwa mtu. Karatasi imetoka leo. Ijumaa sikumwambia Bridgit neno kwa kuwa nilidhani barua umeshaipata. Wembe wa Mutuku haukufika hata robo ya unene. Tutakupeleka hospitali upimwe damu, lakini kwa hesabu za Nzomo hujadhurika.

Kuhusu kibanda, nimezungumza na mkubwa. Tutakuja kesho saa tisa na gari la kawaida, na nguo za kawaida juu ya zile za kazi. Lakini kabla hatujaondoka plot nzima itaelezwa ukweli, na kila chumba kitapimwa. Hilo hatuwezi kulipindisha, Mama, wana haki ya kujua walikaa na nini. Ningependa uwaambie wewe, maana wewe wanakuamini.

Limebaki moja, nami sijui niliandike vipi. Kitu kiko uvunguni mwa kitanda chako. Mtu lazima apite pazia. Timu yetu ni watu wanne. Nzomo anaweza kuingia na wenzake, mimi nibaki nje kwenye gari. Ama niingie mimi, kwa kuwa vile viwili vya kwanza nilivitoa kwa mikono yangu na ninajua pa kushika. Sijawahi kuona kitanda cha mama mkwe wangu na sikutaka kamwe kukiona. Chagua wewe. Utakalosema ndilo litakalokuwa.

Khaemba


Kawangware 46
Jumanne hiyohiyo, jioni

Mkwe wangu,

Salamu utazikuta kesho.

Nimewaza sana. Huyo Nzomo ni kijana mzuri, lakini mgeni akiona chumba cha mwanamke ataenda kusimulia. Mkwe hawezi. Mila imemfunga mdomo kabla hajaingia. Njoo wewe.

Nitakuwa kwa Bridgit, nimejifunika.

Mama yake Jentrix


Lindi, Kibera
Jumapili, 20 Aprili 2025

Mama,

Pasaka njema. Jentrix anakula kwa watu wawili na kulala kwa robo ya mtu. Daktari anasema wiki tatu zimebaki. Nimenunua feni ya plastiki pale Toi. Inapiga kelele, lakini inageuza kichwa.

Majibu ya damu yako yametoka na ni mazuri. Kila kitu kiko sawa. Daktari aliniambia nikuambie uongeze mboga, nami nikamwambia aje akuambie mwenyewe.

Ile siku uliikosa kwa sababu ulikuwa umejifunika, kwa hiyo nikupe habari. Niliingia saa tisa na dakika nne, nikatoka saa tisa na dakika saba. Tulikitia kwenye pipa lenye kuta nene, tukalifunga. Sasa kiko kwenye ghala letu chini ya kufuli mbili, na kitakaa huko mpaka mimi na wewe na mtoto wa mtoto huyu tusiwepo. Nzomo amekwenda kwa Phanuel na picha ya ile alama, akambandikia kwenye mlango wa duka. Phanuel anasema hata yeye alidhani ni feni.

Nimesikia ulivyosimama uani ukawaeleza wapangaji bila kujitetea. Nzomo anasema amehudhuria semina nyingi na hajasikia mtu akiieleza mionzi kwa kutumia mama mkwe, na hajaona watu wakielewa haraka vile. Nimesikia pia kibanda kilikosa wateja siku mbili, ya tatu wakarudi, na Mutuku anakula bure kwa sababu anajiita shujaa. Usimzoeshe.

Ndani ya chumba chako sikuona kitu.

Kuna jambo moja la kiofisi. Kwa mujibu wa taratibu, godoro lililokuwa juu ya kitu kile lilichukuliwa pamoja nacho na limeandikwa kwenye kitabu cha taka. Idara hulipa kila nyumba godoro jingine. Lako litaletwa na mkokoteni Jumatano. Huna haja ya kutia sahihi mahali popote.

Mkweo,
Khaemba


Kawangware 46
Jumapili, 25 Mei 2025

Mkwe wangu,

Nilichelewa kujibu kwa sababu mjukuu alinichelewesha. Nilikuja hospitali siku mbili baada ya yeye kuzaliwa, nikangoja nyuma ya ngazi mpaka ukaenda kununua chai, ndipo nikaingia. Ni msichana wa kupendeza, na ana hasira, amerithi kwetu. Nilimshika mpaka nesi akanifukuza. Goti limepona ghafla, sijui kwa nini.

Godoro lilifika Jumatano ile kama ulivyosema. Ni zito, la rangi ya damu ya mzee, bado liko kwenye nailoni.

Kijana wangu, mimi si mjinga. Godoro langu lilitoka nyumba hii mwezi wa pili mgongoni mwa Phanuel. Ndiyo bei aliyoitaka kwa ile feni. Miezi miwili nimelala juu ya katoni, na hakuna mwingine aliyejua, hata Bridgit, kwa sababu leso ilitandikwa vizuri na pazia halifunguliwi kwa watu. Mutuku aliiingiza feni mle kabla godoro halijatoka, kwa hiyo mtu wa kwanza kupita pazia baada ya hapo ni wewe. Ulipoinama kutoa kile chuma uliziona katoni.

Nilimuuliza Nzomo alipokuja kupima mara ya mwisho. Nilimuuliza kwa upole kitabu cha taka kina magodoro mangapi. Akasema, "Mathe, godoro gani? Sisi tulitoka na ile kitu tu." Nikamwambia nimechanganya, nikampa chapati.

Kwa hiyo mwambie idara kwamba nashukuru. Mwambie pia ikome kudanganya wazee, na kwamba mshahara wa mwezi ule ungenunulia mtoto vitu vingi. Kisha mwambie nililala usiku ule kuanzia saa mbili mpaka kuku akawika, na kabla ya kulala nililia. Sikulilia godoro. Nililia kwa sababu nimemzaa Jentrix peke yake, mtoto wa kiume sikujaliwa, na sikujua mtu anaweza kuiona aibu yako, akaifunika, akakuandikia kwamba hakuona kitu.

Jumapili ijayo mlete mtoto. Nitapika kuku. Wewe utakaa nje kwenye benchi, mimi nitakaa ndani kama inavyopasa. Mlango tutauacha wazi.

Mama yako